Ulinganisho: GTA Definitive Edition, gemu za awali zenye viraka, PS2 kwenye emyuleta, au simu?

mzee_wa_padi

Wakuu salaam. Mtu anayetaka kucheza gemu za Grand Theft Auto (GTA), yaani GTA III (2001), Vice City (2002) na San Andreas (2004), leo hii achukue toleo lipi? Njia ni nne: The Definitive Edition iliyotoka 11 Novemba 2021 (gemu hizo tatu zikiwa zimetengenezwa upya), gemu za awali za kompyuta zikiongezewa viraka vya mashabiki (programu ndogo za kurekebisha kasoro), diski za PlayStation 2 (PS2) kwenye emyuleta (programu ya kompyuta inayoiga mashine hiyo), au simu.

Kwa wageni wa mada hii, malalamiko juu ya Definitive Edition yalianza kabla haijatoka. Oktoba 2021 Rockstar, kampuni yenye gemu hizi, iliondoa matoleo ya awali kwenye maduka ya mtandaoni ili kupisha toleo jipya. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko kasoro zote zilizofuata, kwa sababu mnunuzi hakuachiwa pa kukimbilia. Jipya lilipokuja, toleo la kompyuta liliondolewa sokoni kwa takribani siku tatu, kampuni ikieleza kwamba kuna mafaili yaliyoingia humo bila kukusudiwa. Tarehe 19 Novemba wakaomba radhi na kuahidi kuyarudisha ya awali kwa watumiaji wa kompyuta, na kwenye duka lao wenyewe yakarudi.

Naomba tujibu kwa hatua na sababu. "Ni mbovu" peke yake haimsaidii mtu.

Kitunguu_Swaumu

Mkuu, nianze na kwa nini Definitive Edition iliharibika, maana ukijua chanzo utajua kipi kimetengenezeka na kipi bado.

Kazi ilipewa Grove Street Games ya Florida, ambayo zamani iliitwa War Drum Studios. Ndio waliotengeneza matoleo ya simu kati ya 2011 na 2013, na kasoro kadhaa za matoleo hayo ya simu zikaonekana tena vilevile kwenye Definitive Edition. Injini mpya ya gemu, Unreal Engine 4, inachora picha tu. Mantiki ya ndani, yaani misheni, fizikia na mienendo ya wapita njia, bado ni ile ya zamani. Kwa hiyo una mwili mpya juu ya mifupa ya miaka ishirini, na pale vinapoungana ndipo kasoro nyingi zinapozaliwa.

Picha za kuta, mabango na nguo zilikuzwa kwa akili mnemba. Programu ya aina hiyo haisomi maandishi. Inaona madoa na kuyalainisha, kwa hiyo bango lililokuwa na herufi ndogo zilizofifia likatoka na herufi za ajabu au jina lililokosewa. Mfano unaojulikana ni duka la Tuff Nut Donuts. Alama yake ilikuwa nati ya bolti yenye pembe sita, toleo jipya likaizungusha ikawa duara. Mtu mmoja mwenye orodha ya mabango na subira angeliona hilo kabla ya kuuzwa.

Ukungu ndio ulioniuma zaidi. PS2 ilikuwa na MB 32 tu za RAM kuu, kwa hiyo ukungu ulificha kile ambacho mashine haikuweza kuchora. Lakini ulifanya kazi ya pili pia: ramani ya San Andreas ni kama kilomita 6 kwa 6 tu, na ukungu pamoja na barabara za kupindapinda ndivyo vilivyokufanya uone unasafiri jimbo zima. Walipouondoa, ukipanda Mount Chiliad unaona miji ya Los Santos na San Fierro imekaa karibu karibu, na ukubwa wote unayeyuka.

Mvua ilichorwa kwa mistari myeupe mizito mbele ya kamera, hata usiku, mpaka barabara haionekani. Hiyo ilirekebishwa mapema, kwenye viraka vya Novemba 2021.

fundi_wa_folda

Kwa mwenye kompyuta ya kawaida, jibu langu ni gemu za awali zenye viraka. Tazameni mahitaji kwanza. Definitive Edition inataka angalau RAM ya GB 8, kadi ya picha ya kiwango cha GTX 760 yenye GB 2, na nafasi ya GB 45. San Andreas ya awali ilitaka RAM ya MB 256 na kadi ya MB 64, na yote haifiki GB 5. Kwa mtu anayepakua kwa bando, tofauti hiyo ni pesa.

Hatua kwa San Andreas ni hizi, na mpangilio wake ni wa lazima.

Sakinisha nje ya Program Files, mfano C:\Michezo\GTASA. Windows inalinda Program Files, na viraka vikishindwa kuandika mipangilio yake vitafanya kazi nusu nusu bila kukuambia kitu.

Nakili folda nzima pembeni kabla ya kugusa chochote.

Hakikisha una toleo 1.0. Lile la duka la Steam na lile la duka la Rockstar si 1.0. Sasisho la Steam la Novemba 2014 liliondoa nyimbo kadhaa na kufanya sevu za zamani zisifunguke. Ipo programu ya mashabiki ya kushusha toleo: inachukua faili zako mwenyewe ulizonunua na kuzirudisha kuwa 1.0. Ukiruka hatua hii, modi nyingi (nyongeza za mashabiki) zitakataa, na utailaumu modi wakati tatizo ni toleo.

Weka Ultimate ASI Loader. Ni faili moja, dinput8.dll, inakaa pembeni ya gta_sa.exe. Bila hiyo, kila kiraka chenye mwisho wa .asi kitakaa pale bila kusomwa.

Kisha weka SilentPatch ya San Andreas kwenye folda kuu, pamoja na faili yake ya .ini. Hii ndiyo roho ya kazi yote. Inarekebisha makosa mengi yaliyoachwa na watengenezaji wenyewe, likiwemo lile la kipanya kufa mara gemu inapofunguka.

Baada ya hapo Widescreen Fix, kwenye folda iitwayo scripts. Bila hiyo, skrini pana inavuta watu wanakuwa wafupi na wanene, na ramani ya duara inakuwa yai.

Ukitaka rangi za machungwa za jioni kama kwenye PS2, ongeza SkyGFX. Ilipohamishiwa kompyuta, San Andreas ilipoteza sehemu ya vichujio vya rangi vya PS2, kwa hiyo watu wengi waliokulia kwenye kompyuta hawajawahi kuona mwanga wa asili wa gemu hii.

Ikigoma kuwaka kabisa, nenda Documents, folda ya GTA San Andreas User Files, ufute gta_sa.set. Hiyo ni mipangilio tu, sevu zako haziguswi. Vice City ina gta_vc.set yake, na njia ni hiyo hiyo. GTA III na Vice City zina SilentPatch na Widescreen Fix zake, msichanganye.

Skimmer460

Naongeza jambo kwa wenye Windows 11 toleo la 24H2. San Andreas isiyo na kiraka ina kasoro mpya hapo: ndege ya majini, Skimmer, haionekani tena popote. Ukiilazimisha itokee kwa modi na kuipanda, unarushwa angani umbali usio na maana.

Watu walimlaumu Microsoft, lakini kosa ni la 2004. Kila chombo kina mstari wake kwenye data\vehicles.ide. Vice City iliichukulia Skimmer kama boti, na boti hazina magurudumu. San Andreas ikaifanya ndege, ila mstari wake ukabaki bila namba nne za mwisho zinazoeleza magurudumu. Gemu inasoma mstari bila kuweka thamani za kuanzia, kwa hiyo ilikuwa ikitumia zile zilizobaki kwenye kumbukumbu kutoka kwa gari lililosomwa kabla yake, lile la TopFun. Kwa miaka ishirini zilibaki salama kwa bahati tu. 24H2 ilibadilisha namna inavyotumia sehemu hiyo ya kumbukumbu, mabaki yakafutwa, ndege ikapotea.

Dawa: pakua SilentPatch mpya. Kama hutaki kiraka, fungua vehicles.ide kwa Notepad, tafuta mstari unaoanza na 460, na mwisho wake ongeza mkato kisha: -1, 0.7, 0.7, -1. Hifadhi, anza gemu upya.

Hii ndiyo sababu napinga kuondoa gemu za zamani sokoni. Kasoro kama hii ilichunguzwa mpaka mzizi kwa sababu bado kuna watu wana faili za awali na wanazifungua.

BintiMvita

Nakubaliana na fundi kwa upande wa kompyuta, lakini mtu mwenye PS4, PS5, Xbox au Switch hana folda ya kuchezea. Kwake swali ni kama Definitive Edition ya sasa inachezeka, na jibu si lile la 2021.

Desemba 2023 ilitoka ya simu, pamoja na kupitia Netflix, na iliyoshughulikia kazi hiyo ni Video Games Deluxe ya Sydney. Wao walirudisha ukungu wa mbali na kuongeza chaguo la Classic Lighting, linaloleta anga na rangi karibu na za awali. Konsoli na kompyuta zilisubiri hadi 12 Novemba 2024 kupata kazi hiyo hiyo. Karibu mwaka mzima mtu aliyelipa dola 60 kwenye konsoli alikuwa na gemu duni kuliko ya mwenye simu. Hilo siwezi kulitetea.

Lakini ukiwa na sasisho hilo, ingia mipangilio ya picha, washa Classic Lighting, kisha linganisha mchana na usiku kabla ya kuhukumu. Vingine vya kuhesabu upande wake: ukishindwa misheni unaanza upya palepale bila kuendesha gari toka hospitali, ramani inakuchorea njia, na silaha unachagua kwa gurudumu kama GTA V. Mtu ambaye hajawahi kugusa GTA III ya 2001, ambayo hata ramani ya kusimamisha na kuangalia haina, atashukuru.

Kilichobaki kibaya ni sura za baadhi ya wahusika. Nyuso zenye plastiki bado zipo, na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Kitunguu_Swaumu

Dada BintiMvita, naongeza muziki. Leseni za nyimbo huisha, kwa hiyo Vice City ya Definitive Edition haina nyimbo za Michael Jackson zilizokuwemo 2002. Hakuna sasisho litakalozirudisha bila mkataba mpya. Kwa Vice City, ambayo nusu ya uhai wake ni redio, mtu apime mwenyewe.

Mkongwe_PS2

Njia ya tatu imeachwa yatima, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayetaka gemu kama ilivyotoka, nyimbo zote ndani.

Unahitaji diski yako, uitengeneze kuwa ISO (faili moja yenye nakala ya diski), na BIOS (programu ya kuwashia mashine) iliyotolewa kwenye PS2 yako mwenyewe. PCSX2, ambayo ndiyo emyuleta yenyewe, haiji na BIOS, na haitafanya kazi bila hiyo. Kwenye picha, anza na ukubwa mara 3 ya asili, unaofaa skrini ya 1080p. Ukiona mwanga wa taa na vitu vimejirudia kama kivuli kilichosogea kidogo, hiyo ni athari ya kukuza picha iliyopangwa kwa pikseli za asili. Nenda kwenye marekebisho ya picha, Half Pixel Offset, jaribu chaguo moja moja mpaka vilingane.

Diski za mfumo wa televisheni wa PAL zinakwenda kwa 50 Hz na za NTSC kwa 60 Hz, kwa hiyo ukiwa na uchaguzi chukua NTSC, ni laini kidogo. Sevu ndani ya gemu, kwenye kadi ya MB 8 ya emyuleta, usitegemee sevu za papo hapo peke yake. Emyuleta ikipata toleo jipya, sevu za papo hapo za toleo la nyuma huweza kukataa kufunguka, lakini kadi itasomeka.

Udhaifu: prosesa dhaifu itakwama hapa wakati ile ya kompyuta ya awali ingepaa.

mzee_wa_padi

Asanteni wakuu. Kuna waliouliza kuhusu re3 na reVC, zile zilizoundwa upya na mashabiki kwa kufumbua programu za GTA III na Vice City. Kazi nzuri sana, lakini Take-Two, kampuni mama ya Rockstar, iliziondoa mtandaoni Februari 2021 na Septemba mwaka huo ikawashtaki waliozitengeneza. Sitaziweka kwenye ulinganisho, na viungo vyake visibandikwe hapa.

Swali langu la mwisho kwa fundi_wa_folda: ile Frame Limiter (kikomo cha fremu, yaani picha kwa sekunde) kwenye menyu ya San Andreas, izimwe au iwashwe? Kompyuta ikiwa na nguvu, kishawishi ni kuizima.

fundi_wa_folda

Iwashe, mkuu, na uiache. Hesabu za fizikia za San Andreas zimefungwa na idadi ya fremu. Ukiizima na kompyuta ikapanda mbali juu ya 30 kwa sekunde, CJ, mhusika mkuu, anaogelea polepole mno, na gari linaanza kuteleza isivyo kawaida. Misheni za maji zinakuwa ngumu bila mchezaji kujua kwa nini.

Anayetaka 60 bila kuharibu hesabu atafute modi inayorekebisha fizikia kwa fremu nyingi, aipime kwanza kwa kuogelea kabla ya kuendelea na sevu yake kuu. Asipoona tofauti kati ya 30 na 60 kwenye maji, modi inafanya kazi. Akiona CJ anahangaika, azime gemu, aitoe hiyo .asi, arudi kwenye 30.