Mdogo wangu kavunjika mfupa wa shavu kwa bodaboda, lazima apasuliwe?

kaka_mtu: Wakuu naombeni msaada. Mdogo wangu wa miaka 23 kaanguka na bodaboda Jumamosi, helmeti kaitundika mkononi. Uso ulivimba mpaka jicho likafunga, sasa uvimbe unashuka naona shavu la kushoto limebonyea, mdomo haufunguki vizuri hata kijiko kinapita kwa shida, halafu anasikia ganzi toka chini ya jicho hadi mdomo wa juu. Tulikoanzia walimpa dawa za maumivu tu wakasema utaunga wenyewe. Bibi anataka tumkande na maji ya moto.

tabibu_wa_kinywa: Pole sana mkuu. Hapo kitefute, yaani mfupa wa shavu, kimeingia ndani. Ganzi ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya jicho umeumia, na mdomo haufunguki kwa sababu mfupa umeshuka unazuia taya. Mwambieni bibi asikande kabisa, na dogo asipenge kamasi maana hewa itapita penye ufa iingie kwenye jicho. Apigwe siti skani, ile picha ya kompyuta inayoonyesha mifupa ya ndani. Mfupa usiohama huwa tunauacha uunge, ila uliobonyea hivyo na kuzuia mdomo mara nyingi tunauinua, na tunafanya uvimbe ukishapungua, ndani ya wiki mbili hivi. Mkichelewa unashikana vibaya, kuurekebisha inabidi kuukata upya. Lakini mimi naogopea jicho kuliko shavu, anaonaje?

mama_p: Mimi nilifanyiwa hiyo. Chale moja ndani ya nywele juu ya sikio, nyingine ndani ya mdomo, wakaweka pleti ndogo za titaniamu na zipo mpaka leo. Wiki za mwanzo ni uji na mtori, upande ule hulalii. Ganzi yangu ilichukua miezi kuisha usikate tamaa.

kaka_mtu: Asanteni sana. Nimemuuliza, akitazama juu anaona taa mbili. Alfajiri tunaondoka kwenda rufaa.

tabibu_wa_kinywa: Hilo la taa mbili waambie mapema kabisa, sakafu ya jicho, yaani mfupa ulio chini yake, inaweza kuwa imepasuka na msuli wa jicho umenasa hapo. Usiku huu usilale moja kwa moja, kila baada ya muda mfunike jicho zima ahesabu vidole kwa lile bovu. Akianza kukosea, au jicho likitokeza na kuuma sana, damu inaweza kuwa imejaa nyuma yake na hapo ni suala la saa chache tu asipofuke. Msingoje kukuche, tafuta gari muda huohuo.

kaka_mtu: Sawa daktari. Nimekaa naye hapa, kahesabu vyote.