Godoro la kulalia kambi ya Barafu, Kilimanjaro: la upepo au la foam?

Wakuu habari, nipo Moshi, mwezi ujao napanda mlima kwa njia ya Machame na washkaji na kule hakuna vibanda kama Marangu, ni tenti mwanzo mwisho. Mwaka jana kambi ya Shira nililalia kigodoro cha mazoezi, saa nane usiku nimeamka mgongo kama nimelazwa kwenye friza na slipingi begi ilikuwa nzuri tu. Nichukue lipi, jepesi lakini lenye joto?

Mgumu Mstaafu: Pole mdogo wangu. Slipingi begi ukiilalia inagandamizwa, upande wa chini haizuii kitu, baridi ya ardhi inapanda moja kwa moja. Angalia namba ya R, ikiwa kubwa ndo linazuia zaidi. Barafu ni mita 4,673, mi nisingeshuka chini ya 4. Godoro la upepo la NeoAir XLite ya sasa ni 4.5 na ina gramu kama 370 tu, ila bei yake sasa, shikamoo!

Dada wa Njiro: Mi nabeba mawili, foam chini la upepo juu. Namba za R zinajumlishwa, 2 na 4 inakuwa 6, na la upepo likitoboka angalau huna shida sana. Langu lilichomwa na kijiwe, saa tisa usiku nasikia fsss, nikajua leo silali.

Muulizaji: 😂 Soko la Memorial hapa Moshi yanapatikana?

Mgumu Mstaafu: Ukibahatika kwenye mitumba. Lijaze hapohapo ulikalie dakika kumi, muuzaji anune akitaka.