Je, rangi ya tumbo yatosha kumtambua petreli wa Round Island?

Mtazamaji wa Bahari: Ndugu zangu, nina picha za petreli nilizopiga kutoka mashuani karibu na Round Island, kisiwa kidogo kilichoko takriban kilomita 22 kaskazini mwa Mauritius, nami nimeshindwa kuwapambanua ndege hao. Wamo wenye tumbo jeupe, wamo wa kahawia iliyokoza mwili mzima, na wengine wako katikati. Kitabu changu cha zamani kinawaita wote petreli wa Trindade. Je, ni spishi moja au kadhaa?

Bin Shakwe: Kitabu chako kimepitwa na wakati. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba kisiwani hapo zimechanganyika spishi tatu: petreli wa Trindade, ambaye asili yake ni kisiwa cha Brazil katika Atlantiki, pamoja na wa Kermadec na wa Herald, ambao ni ndege wa Pasifiki. Hata hivyo, usilitegemee tumbo, kwa kuwa petreli wa Trindade na wa Kermadec huwa na ndege weupe na weusi ndani ya spishi ileile, hata pale ambapo hakuna uchotara wowote. Litazame bawa kwa juu: wa Kermadec ana uti mweupe katika manyoya makubwa ya kurukia, ilhali wenzake wana uti mweusi. Nayo ni dalili tu, maana chotara aweza kurithi alama moja akaikosa nyingine.

Msomi wa Manyoya: Naongeza mfano ulio rahisi zaidi. Katika pwani ya Washington na Oregon, nchini Marekani, shakwe wa kusini mwenye mgongo wa kijivu kilichokoza na ncha nyeusi za mabawa huzaana na shakwe wa kaskazini, ambaye ncha zake zina kijivu hafifu kama mgongo wake. Watoto wao huwa na rangi ya katikati, kwa hiyo jicho lililozoea huwatambua. Lakini chotara akirudi kuzaana na upande mmoja, baada ya vizazi vichache wajukuu hufanana mno na upande huo.

Mtazamaji wa Bahari: Nashukuru. Kwa bahati mbaya ndege wangu karibu wote walipita juu ya mashua, hivyo ninayoyaona ni matumbo matupu. Daftarini nitaandika “petreli wa Round Island” bila kutaja spishi.