Mjadala: Kwotabeki mkongwe aachwe acheze mpaka achoke, au klabu imwondoe angali ana nguvu? Tuangalie Green Bay

MTOA HOJA

Wadau wa michezo, salaam. Naomba tujadili swali ambalo huwagawa wafuatiliaji wa mpira wa Kimarekani kila inapotokea timu ina kwotabeki mwenye umri mkubwa anayecheza vizuri, huku kijana aliyechukuliwa kumrithi akisugua benchi. Je, klabu imsubiri mkongwe mpaka mwenyewe atundike daluga, au imwondoe wakati bado anaweza? Kwa wasioufuata mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao. Uwanjani huwa mmoja tu, na kocha hana desturi ya kumwingiza kinda dakika ya 70 ili azoee kama ilivyo kwenye soka, kwa hiyo anayekaa benchi anaweza kumaliza msimu mzima bila kurusha pasi moja ya maana.

Nimechagua Green Bay Packers wa jimbo la Wisconsin kwa sababu jambo hili limewakuta mara mbili ndani ya miaka 15, na kwa sababu klabu hiyo haina tajiri mmoja anayeweza kuamua kwa mapenzi yake. Inamilikiwa na wanahisa zaidi ya 500,000 wasiopata gawio lolote, na uamuzi wa wachezaji uko mikononi mwa meneja mkuu.

Aprili 2005 meneja huyo, Ted Thompson, alimchukua kwotabeki kijana Aaron Rodgers akiwa chaguo la 24 kwenye drafti, yaani zoezi la kila mwaka la kugawana wachezaji wanaotoka vyuoni. Wakati huo kwotabeki mkongwe wa timu, Brett Favre, alikuwa na miaka 35, ameshaipa timu Super Bowl, yaani fainali ya ubingwa wa ligi, ya Januari 1997, ameshachaguliwa mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, na hakuwa amekosa kuanza mechi hata moja tangu Septemba 1992. Rodgers akasubiri misimu mitatu. Msimu wa 2007 Favre aliifikisha timu kwenye ushindi wa mechi 13 kati ya 16, kisha tarehe 20 Januari 2008 wakacheza nusu fainali nyumbani dhidi ya New York Giants, katika baridi ya takriban nyuzi 18 chini ya sifuri. Mechi ikaisha sare ya 20 kwa 20, Green Bay wakapata mpira wa kwanza katika muda wa nyongeza, na katika shambulizi la pili tu Favre akarusha pasi iliyonaswa na Corey Webster wa Giants. Muda mfupi baadaye Lawrence Tynes, mpiga mateke wa Giants ambaye alikuwa ameshakosa mateke mawili katika kipindi cha nne, akapiga la yadi 47 likapita katikati ya milingoti, na Giants wakashinda.

Machi Favre akatangaza kustaafu kwa machozi. Julai akataka kurudi. Klabu ikamwambia kwamba safari imeshaanza na dereva mwingine, na Agosti akapelekwa New York Jets.

Msimamo wangu ni kwamba klabu ilikuwa sahihi, na usahihi wake ulionekana siku ileile, bila kungoja matokeo. Benchi la ufundi lilikuwa limemwona Rodgers mazoezini kwa miaka mitatu. Isitoshe, Novemba 2007 kule Dallas, Favre alipoumia kiwiko timu ikiwa nyuma kwa 27 kwa 10, kijana aliingia, akakamilisha pasi 18 kati ya 26, na pengo likapungua hadi 27 kwa 24 kabla ya Dallas kushinda. Huo ndio ushahidi waliokuwa nao, na ulitosha.

Nasema tusingoje matokeo kwa sababu matokeo ya mwanzo yalikuwa machungu. Rodgers alizomewa na baadhi ya mashabiki hata mazoezini, na msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi 6 na kupoteza 10. Mwaka 2009 Favre, akiwa na miaka 40, alivaa jezi ya mahasimu wakubwa, Minnesota Vikings, akarusha pasi 33 za kufunga dhidi ya 7 tu zilizonaswa, na akawafunga Green Bay nyumbani na ugenini. Anayehukumu kwa matokeo angemfukuza Thompson Krismasi ile. Lakini Februari 2011 Rodgers alibeba Super Bowl kwa kuwafunga Pittsburgh 31 kwa 25, wakati Favre alikuwa amemaliza msimu wake wa mwisho akiwa majeruhi.

Swali la nani atacheza vizuri zaidi Jumapili hii karibu kila mara linampendelea mkongwe. Ukiliuliza kila wiki, hutamwondoa kamwe mpaka siku atakapoanguka, na siku hiyo hutakuwa na mtu.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa hoja, umeeleza vizuri sana mwaka 2008 na ukaukwepa mwaka 2020, ambao ndio unaouma. Mwaka huo Green Bay walikuwa wametoka kupoteza nusu fainali kwa San Francisco. Rodgers alikuwa na miaka 36. Timu ilihitaji mtu wa kupokea pasi, maana zaidi ya Davante Adams hapakuwa na wa kutisha. Meneja mpya, Brian Gutekunst, akatoa chaguo lake la raundi ya nne ili asogee kutoka nafasi ya 30 hadi ya 26, akamchukua kwotabeki Jordan Love. Katika drafti nzima hakuchukua mpokeaji wa pembeni hata mmoja, ingawa Tee Higgins alikuwa bado hajachukuliwa na alikwenda Cincinnati kwa chaguo la 33.

Rodgers alijibu kwa kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2020, na tena 2021. Yaani mtu aliyeanza kutafutiwa mrithi ndiye aliyekuwa bora kuliko wote kwa miaka miwili. Katika nusu fainali ya Januari 2021 dhidi ya Tampa Bay, Green Bay walikuwa nyuma kwa 31 kwa 23, zimebaki dakika mbili na sekunde chache, mpira uko yadi 8 kutoka mstari wa kufungia, na wana jaribio moja la mwisho. Kocha Matt LaFleur akachagua teke la pointi 3. Wakafika 26, na mpira hawakuugusa tena. Wengi humlaumu kocha, lakini mimi huuliza ni nani angekuwa pale ndani ya eneo la kufungia katika majaribio matatu yaliyotangulia, kama lile chaguo la 26 lingetumika kumsaidia mkongwe badala ya kumwandalia mrithi.

Na mshangilieni aliyewafunga siku hiyo: Tom Brady, kwotabeki wa Tampa Bay, miaka 43. Timu yake ya zamani, New England, walikuwa na mrithi mzuri, Jimmy Garoppolo, wakamuuza San Francisco Oktoba 2017 ili wabaki na mzee wao, na Februari 2019 mzee huyo akawapa taji lingine. Hoja yako inamfanya mchezaji aonekane ameisha kwa sababu tu kalenda imesema.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi naunga mkono nusu ya kila mmoja wenu, lakini naona wote mmesahau fedha. Mwaka 2005 na mwaka 2020 si hali moja. Tangu mkataba wa 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji, mshahara wa mchezaji anayetoka drafti umepangwa kwa nafasi aliyochaguliwa, kwa miaka minne, na kwa wale wa raundi ya kwanza klabu ina hiari ya mwaka wa tano. Kwotabeki mzuri aliye ndani ya mkataba huo ni nafuu kubwa sana, kwa sababu ligi ina kikomo cha mishahara na kila dola isiyokwenda kwake inanunua mlinzi au mpokeaji. Kansas City walimkalisha Patrick Mahomes msimu mmoja tu nyuma ya Alex Smith, wakamuuza Smith akiwa ametoka kwenye msimu wake bora, na kijana akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018 akiwa bado kwenye mshahara mdogo.

Love alikaa misimu mitatu. Mpaka Mei 2023, klabu ilipotakiwa kuamua juu ya mwaka wake wa tano, alikuwa ameanza mechi moja tu, ile ya Novemba 2021 kule Kansas City waliyopoteza 13 kwa 7. Hawakuwa na cha kupimia, wakakwepa uamuzi kwa kumwongezea mkataba wa mwaka mmoja. Wakati huohuo, baada ya kumpeleka Rodgers kwa Jets, walibeba zaidi ya dola milioni 40 za mkataba wake wa zamani katika hesabu za msimu huo, ambao kikomo chake kilikuwa dola milioni 224.8. Kwa hiyo walimlipa mzee asiyekuwapo, na unafuu wa kijana ukaishia benchi. Kumrithisha mtu ni sawa, ila kwa sheria za leo uamuzi ni wa mwaka mmoja, au miwili ikizidi sana.

MCHANGIAJI WA TATU

Swali fupi kwa mtoa hoja. Favre alirudi kambini Agosti 2008 akiwa tayari kuwania namba. Kama ushahidi juu ya Rodgers ulikuwa mzito hivyo, kwa nini klabu iliogopa kuwashindanisha? Ninaishi Minnesota, na huku watu wanakumbuka 2009 kama mwaka ambao Green Bay waliwapa zawadi.

MTOA HOJA ANAJIBU

Nianze na wa tatu, kwa sababu swali lake ni jepesi kuliko linavyoonekana. Ushindani wa kambini hauwezi kuwa wa haki pale ambapo mmoja ana miaka 16 ya jina na mwingine hajawahi kuanza mechi. Rodgers angekosea pasi tatu katika wiki ya kwanza ya msimu, uwanja mzima ungeimba jina la Favre, na kila kosa lingekuwa kura ya maoni. Wachezaji wenzake nao wangegawanyika. Klabu iliyoamua haina budi kufunga mlango, hata kama anayebaki nje ni nguli.

Kuhusu 2020, mchangiaji wa kwanza anasema Rodgers alikuwa bora miaka miwili iliyofuata, na ni kweli. Lakini hakuondolewa. Alicheza misimu mitatu zaidi akiwa na Love nyuma yake, kwa hiyo klabu haikumpoteza mkongwe, ilipoteza chaguo moja la raundi ya kwanza na lile la raundi ya nne. Ninachokilaumu pale ni kwamba Rodgers hakuandaliwa kabla ya tangazo, na Gutekunst mwenyewe alikubali baadaye kwamba mawasiliano yangeweza kuwa bora. Kosa hilo la heshima ndilo lililozaa mgogoro wa 2021 kati yake na klabu, na ninadhani lilichangia pia mkataba mnono wa Machi 2022, ambao klabu ilimpa mtu mwenye hasira ili abaki. Zile dola milioni 40 anazozitaja mchangiaji wa pili zilitokana na kusita huko. Wangekuwa na ujasiri wa 2008, mkongwe angeondoka mwaka mmoja mapema, Love angecheza akiwa bado nafuu, na hoja ya fedha ingekuwa upande wangu.

Hata hivyo angalieni palipofikiwa. Mwaka 2023 Rodgers alichana kano ya kisigino katika shambulizi lake la nne tu akiwa na Jets, na Love, katika msimu wake wa kwanza wa kuanza, alirusha pasi 32 za kufunga na kuwafunga Dallas 48 kwa 32 kwao katika mtoano.

New England ni mfano mzuri wa mchangiaji wa kwanza, na taji la 2019 hakuna awezaye kulifuta. Ila aendelee na hadithi. Brady aliondoka Machi 2020 bila mrithi, timu ikashinda mechi 7 na kupoteza 9, ikamjaribu Mac Jones, na ikabidi ifungwe mara 13 mwaka 2023 ndipo ipate nafasi ya kumchukua Drake Maye akiwa chaguo la tatu. Pittsburgh walimngoja Ben Roethlisberger mpaka akastaafu Januari 2022. Wakamchukua Kenny Pickett, wakamwachia baada ya misimu miwili, wakajaribu Russell Wilson na Justin Fields, na Juni 2025 wakamsajili Aaron Rodgers mwenyewe akiwa na miaka 41.

Upande wangu kuna Steve Young nyuma ya Joe Montana kule San Francisco, Rodgers nyuma ya Favre, na Mahomes nyuma ya Smith, wote walitwaa Super Bowl. Naomba anayepinga anitajie timu iliyongoja nafasi iwe wazi kwanza, ndipo ikachukua kijana kwenye drafti, na kijana huyo akaipa taji ndani ya miaka mitano. Seattle naijua: Matt Hasselbeck aliondoka 2011, Russell Wilson akapatikana raundi ya tatu mwaka uliofuata, na Februari 2014 wakabeba. Mwenye mfano wa pili auweke hapa.