Halloween Njiro: boga la Kilombero litachongeka?

MkaziNjiro
Wakuu, heshima kwenu. Mtaani kuna familia ya Wamarekani, ya Waayalandi na ya Wameksiko, na watoto wanataka kusherehekea Halloween pamoja tarehe 31 Oktoba. Mmarekani anataka maboga na pipi za nyumba kwa nyumba, Mwayalandi anadai Mmarekani kaichakachua sikukuu yao, Mmeksiko anasema shughuli yake ni tarehe 2 Novemba, ya kukumbuka marehemu. Tumfuate nani? Na boga la soko la Kilombero hapa Arusha litachongeka?

MpishiSakina
Litachongeka, ila chagua. Bonyeza ganda kwa ukucha: alama ikibaki, kisu kitapita. Yaliyokomaa yakawa magumu kama kibuyu waachie wapika futari. Tafuta lenye kitako bapa, kilo 4 hivi. Usikate kifuniko juu, toboa kitako. Mshumaa unakaa kwenye kisahani na boga unalifunika juu yake, hakuna mtoto wa kuingiza mkono ndani. Juu acha tundu dogo, la sivyo mshumaa unakosa hewa na kuzimika. Kwangua hadi ukuta ubaki sentimita 2 au 3: ukizidisha, uso unanywea. Anza na macho, mdomo mwisho, maana mdomo ndio unaolegeza ukuta. Na chonga tarehe 30 jioni, si kabla. Vuli ikishaanza, boga lililokaa wazi linaota ukungu upesi mno. Mbegu osha, kausha, kaanga na chumvi.

MzeeKibosho
Hakuna wa kumfuata. Mwayalandi ana hoja: chimbuko ni Samhain, sikukuu ya mwisho wa mavuno kwao, na walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi; maboga wahamiaji wao waliyakuta Marekani. Mezani kwake ni barmbrack, mkate wa zabibu kavu wenye pete ndani, atakayeipata ndiye wa kuoa au kuolewa. Pete ifungwe kwa karatasi ya kuokea, na watoto waambiwe kabla hawajang'ata.
Mmeksiko mwacheni na tarehe zake. 1 Novemba ni ya watoto waliofariki, 2 ya watu wazima: meza ya picha za marehemu, glasi ya maji, chumvi, mishumaa, chakula alichokipenda, maua ya marigoldi ya rangi ya chungwa. Si ya kutishana, vinyago vya damu visisogee pale.

DadaUsaRiver
Shikamoo mzee. Naongezea: 31 Oktoba Walutheri wanakumbuka Matengenezo ya Kanisa, ya mwaka 1517. Mzazi wa KKKT, kanisa la Kilutheri la hapa Tanzania, anaweza kukataa vinyago akakubali boga, kwa hiyo muulizeni mapema, si getini.
Kugonga ovyo haiwezekani, kuna mbwa na walinzi. Fungeni kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye mageti yanayoshiriki tu, na mlinzi akabidhiwe bakuli. Pipi zenye karanga zikae peke yake. Anzeni saa 12:30, saa 1 giza limeshaingia.

MkaziNjiro
Asanteni sana. Na wale wa ghorofani?

DadaUsaRiver
Meza moja chini, kwa mlinzi. Watoto wasipande ngazi na magauni ya kuburuta.