Tupeane uzoefu: wenye kushona vipande, kroshe na kazi za mikono mu nyumba yenye imejaa watu, furaha munaipata wapi?

Mama_Himbi (Goma)
Jambo bamama na bapapa wote. Niko Goma, niko na watoto wane, bwana, na mama mukwe mwenye anaishi na sisi, na mimi nashona blanketi za vipande vya kitenge. Hapana za kuuza. Na hapo njo mambo inaanzia, juu kila mutu mwenye anaingia ku nyumba anashika, anageuza, anauliza "mama, hii unatoa ngapi?" nikisema siuzi ananiangalia kama mutu mwenye homa. Njo nikasema niulize hapa, kuko wengine? Mutuelezee munatengeneza nini, saa munaitoa wapi, nyumba inasema nini.

Nianze na yangu. Makato, vile vipande vyenye vinabakia, natafuta kwa mafundi wa Birere, mutaa wa soko hapa Goma, chini ya kila mashini kuko mufuko, rafiki anakupa bure, mwengine anataka franka kidogo, munaelewana. Mwezi wa tatu ndio sikukuu yangu, kila chama, kila ofisi, kila kanisa wanashonesha kitenge cha tarehe 8, Siku ya Wanawake, basi makato inamwagika mpaka njiani. Nikifika nyumbani nafua kwanza, zile nyekundu na bleu nzito nazitenga mu maji ya baridi mpaka maji itoke safi, juu kitenge cha bei ya chini kinatoa rangi na siku moja tu kinaharibu nyeupe zote. Kisha pasi ya makala. Kisha tunakata na karto ya miraba, santimita 12 kila upande, mukubwa anazungusha kalamu na kukata, wa pili anapanga chini ku sima, mdogo anapita juu ya kila kitu na miguu. Kupanga rangi njo vita yenyewe, musichana wangu hataki njano ikae karibu na njano nyingine, kaka yake anaziweka pamoja makusudi, na mama mukwe mwenye alisema hizi ni kazi za kupoteza wakati sasa njo jaji, anaamua akikaa ku kiti.

Ile pamba ya katikati yenye wazungu wanatumia hapa siioni, naweka blanketi ya mitumba yenye imechoka, ile nyepesi ya manyoya, na chini shuka. Tabaka tatu. Unazishika kwanza na mishono mirefu ya mukono zisitembee, alafu unapitisha mushono kabisa juu ya zote. Goma iko karibu mita 1,500 na munaijua baridi yetu ya usiku, blanketi zangu hazilale mu kabati ata moja.

Fundi_Ndosho (Goma)
Mama, miye ni fundi na ni mwanaume, nashona mchana mzima. Ya wateja ni kazi, "unimalizie kesho asubuhi", "umenibana kiuno", na kiuno ni yeye amekiongeza mwenyewe lakini utasema nini. Jioni nikifunga ateliye natoa makato yangu nashonea watoto mifuko ya shule, mito, ata mapazia ya vipande. Hakuna mutu ananipima, hakuna mutu ananikimbiza. Bibi yangu alicheka mwanzoni, fundi anatoka kushona anaenda kushona, lakini sasa yeye njo anachagua rangi.

Kwa wenye kushona tabaka tatu na mashini: weka sindano namba 16 ama 100 ni ile ile, 11 itavunjika. Refusha mushono. Na uanzie katikati uende ku pembeni, ukianzia pembeni kitambaa kinajikusanya katikati kinafanya nundu na nundu haitoki ata na pasi.

Yaya_wa_Nguba (Bukavu)
Mimi ni wa kroshe. Bukavu munatujua, kiti bila napero (kitambaa cha kufunika) ni kiti uchi hahaha. Nimefunika viti, meza, radio, watoto wangu wanasema mama anavalisha televizyo suti. Wacheke tu. Niliona kwa mama mukubwa wangu, alikuwa anafuma jioni huku anatusomesha, ukikosea hesabu anakugonga na ile krosheti ku kidole bila kupoteza mushono.

Kile napenda ku kroshe ni kwamba inaingia mu sakoshi. Foleni, chumba cha kungojea daktari, mashua ya Goma usiku kucha, mkutano ya wazazi (hiyo hasa!). Mwenye mashini anangoja umeme, mimi nangoja nani?

Na niwaambie moja. Mwaka 2021 Nyiragongo, ule mulima wa moto wa Goma, ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa 5, siku chache kisha wakasema watu watoke mu sehemu kubwa ya muji wa Goma, ndugu zetu wakateremka Bukavu na mashua, kwangu tulilala mpaka ku jikoni. Chakula kilikuwako kidogo lakini kilikuwako, shida ilikuwa mikono. Bamama wenye kazi kila siku, ghafla hawana soko, hawana jiko yao, wanakaa wanaangalia telefone wakingoja habari ya mulima. Nikatoa mufuko wangu wa lene (nyuzi za sufu), kila mutu donge lake, wenye hawajui wakafundishwa. Tulifuma bone (kofia) za watoto mpaka lene ikaisha, tukafumua sueta ya zamani ya bwana yangu ili tuendelee. Yeye hakuulizwa. Wengine walirudi Goma na kazi haijaisha mu sakoshi, na mpaka leo wananitumia picha.

Mama_Himbi
Yaya na sueta ya bwana!! Nimecheka mpaka mama mukwe ameuliza kuna nini.

Kweli_Tupu (Goma)
Samahani niwe yule mutu mubaya. Furaha ni muzuri lakini furaha hailipi minervali, pesa ya masomo. Kama unajua kutengeneza kitu chenye kila mutu anauliza bei yake, na watoto wane, kwa nini usiuze? Maisha ni ngumu, si wakati ya kuchezea vitambaa.

Mama_Himbi
Hapana mubaya, ni swali lenye nalisikia kila juma. Mimi nauza unga, nauza mafuta, nauza makala, ku mulango wangu ata ndimu iko na bei. Kila kitu nashika tangu saa kumi na mbili asubuhi nakihesabia faida. Kimoja tu kisiwe na bei. Kimoja.

Nyuzi_na_Shanga (Bukavu)
Namuunga mkono Mama Himbi na nasema kwa uzoefu. Nilikuwa nasuka sakoshi za shanga, nilikuwa nazipenda, nikaanza kupokea komande za wateja. Mara huyu anataka rangi ya sare ya arusi, mara yule anataka kabla ya jumamosi, mara bei ni juu sana "si ni shanga tu". Pesa iliingia, siwezi kusema haikuingia, na ilisaidia nyumba. Lakini nikawa nikiona shanga kichwa kinaniuma. Sasa nasuka za kuuza mchana na jioni nasuka moja yangu yenye hakuna mutu aliomba, polepole, na sirudishi simu. Kwa hiyo Kweli Tupu hajakosa kabisa, ila hizo mbili usizichanganye mu sakoshi moja.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Miye niko Lubumbashi lakini mama ni wa Kasai. Nilipoanza kuunga vipande majirani walisema "ayo ni mambo ya bazungu". Nikafungua sanduku ya mama nikawaonyesha kitambaa ya raffia (nyuzi za mitende) ya Bakuba, watu wa Kasai, ile ya kuchezea ngoma. Banaume njo banasuka, banamuke banashona na kupamba. Raffia ikitoka ku kusuka iko ngumu, wanaitwanga ilainike, ikitwangwa inatoboka, na inasemekana njo maana walianza kubandika vipande ku matundu, kisha wakaona inapendeza wakabandika ata fasi hakuna tundu. Angalia sasa, matundu imezaa urembo na siku hizi iko mu mamusee ya dunia nzima. Jirani mmoja alinyamaza, mwengine akaniomba nimufundishe. Na mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya huku ikianza hakuna mwenye anakumbuka bazungu, wote wanataka blanketi.

Binti_Kadutu_Mbali (Marekani)
Natokea Bukavu, Kadutu, naishi Marekani. Hapa bamama wa kanisa wanakaa wanazunguka fremu moja kubwa ya mbao, kitambaa kimevutwa, kila mutu na sindano yake, nilienda nikijua sijui kingereza muzuri lakini mikono inaongea. Wao njo walinielezea Gee's Bend, ni kijiji ya Alabama, bamama weusi, wajukuu wa watumwa, walikuwa wanashona blanketi na nguo za shamba zenye zimepasuka, suruali za mabwana zao, mifuko, kisa ni baridi tu, nyumba zilikuwa zinaingiza upepo. Mwaka 2002 zikatundikwa mu musee ya Houston, kisha New York, watu wa sanaa wakashangaa. Mimi nilishangaa kidogo, juu mistari yao haiko sawa, inapinda, na kwetu fundi angekuambia ufumue. Nilipoona hivyo niliacha kupima sana. Sasa nashona na watoto wangu wawili jumapili jioni, makato ya kitenge dada yangu ananitumia kupitia wasafiri, kilo moja inavuka bahari ikinukia soko ya Kadutu.

Mukwe_Mwema (Goma)
Niulize kitu, musinicheke. Baba mukwe alitutoka, ku kilio familia yote tulivaa kitenge kimoja. Sasa kiko mu kabati, sitaki kukivaa, sitaki kukitupa. Naweza kukiingiza mu blanketi ya vipande ao ni mwiko?

Nyuzi_na_Shanga
Kwetu hapana. Mtoto halalii kitu cha kilio. Koko yangu (nyanya) angeniamsha mu usingizi.

Fundi_Ndosho
Kitambaa ni kitambaa. Nimeshonea watu makoti na hizo panye (vitenge) za kilio na wako wazima.

Yaya_wa_Nguba
Fundi tulia. Dada, hilo swali si letu, ni la mama mukwe wako, yeye njo mwenye kilio. Umupelekee na soda, ukae kwanza, usianzie mlangoni.

Mama_Himbi
Na mimi nimemuuliza huyu wangu hapa ku kiti. Anasema ni vile kila ukoo unaona, lakini ukate bila kumuuliza mwenyewe utasikia maneno mpaka Pasaka.

Mukwe_Mwema
Narudi. Nimeenda leo. Alinyamaza, nikajuta nimeuliza, kisha akaingia chumbani akatoka na kitenge chake yeye, kile kile, hakijavaliwa tangu. Akasema nitumie vyote viwili lakini blanketi iwe yake, kitanda chake, hapana ya watoto. Na akataka kujua itaisha lini! Fundi, kitanda ni cha mita 1.40, panye mbili za yadi mbili mbili zitafika?

Fundi_Ndosho
Zinafika. Miraba ya santimita 12, ukishona unapoteza milimita 6 kila upande, inabaki 10.8. Kwa upana unataka 13, kwa urefu 19, utapata karibu mita 1.40 kwa 2.05. Hiyo ni miraba 247. Panye moja ya yadi mbili inatoa 9 kwa upana na 15 kwa urefu, ni 135, mbili ni 270. Zinabaki 23, uzitunze, kuna siku moja itapasuka. Kama mtu alishakata kitambaa cha kichwa pale, pima upya. Biyezi, ule mukanda wa kuzungusha pembeni, usiikate ku panye, haitatosha, ukate ku shuka nyeusi.

Mukwe_Mwema
Kitambaa cha kichwa nilikata ku yangu 😅 yake iko nzima. Napima kesho.

Fundi_Ndosho
Basi ukikosa, jaza na nyeusi ya shuka katikati katikati. Itapendeza zaidi.