Okidi gani itadumu kwenye joto la Dar: falenopsisi, dendrobiamu au vanda?

Shuwena_Kigamboni
Habari zenu wapenda maua. Nina baraza linatazama mashariki, jua linaingia toka alfajiri mpaka saa nne hivi halafu kivuli mchana kutwa, na upepo wa bahari unafika. Mwaka jana nilinunua falenopsisi nyeupe ikakaa na maua miezi miwili na nusu sebuleni, nikitoka kazini naenda kuiangalia kwanza kabla hata sijavua viatu. Baadaye maua yakapukutika, majani yakalegea, nilipoichomoa kwenye kikopo mizizi yote imekuwa uji uji wa kahawia. Nililia jamani. Sasa nimejipanga upya ila nataka moja tu. Dukani zipo falenopsisi, dendrobiamu za zambarau, na vanda ile inayoning'inia kwenye kikapu mizizi iko wazi. Dada yangu wa Lushoto naye ana simbidiamu inachanua kila mwaka, anasema atanigawia. Nichukue ipi, na isiwe ya kuchanua mara moja tu ikaisha?

FundiMiche_Muheza
Pole sana dada. Hiyo imekufa kwa maji, joto halihusiki. Hizi okidi kwao zinakaa juu ya miti, hazijui udongo, mzizi wake umevaa ganda kama sponji, ukimwagia unageuka kijani, ukikauka unarudi rangi ya fedha. Hapo ndipo pa kuangalia, usimwagilie kwa kalenda. Tena vikopo vingi vya dukani katikati kuna kidonge cha sponji kinabaki kimelowa hata juu kukikauka, mzizi unaozea humo na wewe huoni.

Kwa baraza lako mimi nasema dendrobiamu, ila uwe makini maana ziko za aina mbili na muuzaji anaweza asijue. Ya joto inabaki na majani mwaka mzima na maua yake yanatoka kwenye kijiti kirefu karibu na ncha ya shina. Ile nyingine, ya nobile, maua yanabana kwenye vifundo vya shina juu mpaka chini, hiyo inataka miezi ya baridi na ukavu ndio ichanue, Dar utasubiri sana. Chukua ya kwanza. Ipande kwenye chungu kidogo chenye matundu, vipande vya mkaa ukubwa wa kidole gumba changanya na makumbi ya nazi, makumbi uyaloweke siku kadhaa unabadilisha maji maana yana chumvi. Mashina ya zamani yasiyo na majani usiyakate, yanaweza kuchanua tena na ndiyo ghala lake la chakula.

Vanda ni nzuri kuliko zote, mimi ninazo nne na sitaki kudanganya, lakini ni mzigo. Kila siku maji asubuhi, kaskazi ikikaza hata mara mbili, na mbolea kidogo kidogo kila wiki. Ukisafiri wiki moja na hakuna mtu nyumbani unakuta mizizi imekakamaa kama waya.

Nyambura_Limuru
Niongeze upande wa baridi. Dadako akikupea simbidiamu mshukuru lakini iache Lushoto. Yangu iko nje kwa ndoo ya lita 20 niliyotoboa, Julai huku usiku baridi inafika nyuzi 10 hivi na ukungu mpaka saa nne, na hapo ndipo inajenga vijiti vya maua. Inataka hiyo tofauti kubwa kati ya mchana na usiku. Ukiipeleka pwani itakupea majani tu, marefu mazuri kama nyasi, miaka na miaka bila ua. Shangazi yangu aliko Mtwapa alikaa na yake miaka 5 akangoja, tukairudisha huku ikachanua msimu uliofuata.

Halafu mimi nipende nisipende lazima niseme kuhusu aerangisi, ile ya kwetu ya misitu ya juu. Nimeifunga kwa mti wa parachichi. Ua jeupe, nyuma lina mkia mrefu mwembamba wenye asali. Mchana ukinusa hakuna kitu. Saa mbili usiku ukifungua mlango wa jikoni harufu inakupata kabla hujawasha taa, inaita nondo.

BiMwanakombo
Wanangu, mwataja za ng'ambo, ya kwetu pwani mwaiacha wapi? Anselia. Maua manjano yana madoa ya kahawia kama ngozi ya chui, shina nene kama muwa, na mizizi mingine yasimama juu kama sindano, majani makavu yakianguka yanaswa humo yaoze yawe mbolea yake yenyewe. Joto laipenda, ukame wa kiangazi waustahimili. Yangu i juu ya mwembe tangu mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Ila tafadhali, msinunue iliyobanduliwa msituni. Wale wauzao kando ya barabara waing'oa na gome lake, mizizi imekatika, miezi sita imekufa na msitu umepungua. Tena okidi zote za mwituni zimo kwenye CITES, mkataba wa mataifa wa kulinda mimea na wanyama wa mwituni wauzwao, kuvuka nazo mpaka bila kibali ni kosa. Uliza iliyooteshwa kitaluni.

Mkinga_Makete
Bi Mwanakombo shikamoo, na mimi naunga mkono kwa uchungu. Kwetu Kitulo, ndiyo ile wanaita Bustani ya Mungu, okidi zinaota ardhini kwenye majani, kuanzia Desemba mpaka Aprili uwanda wote rangi. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Watu walikuwa wanachimba viazi vyake magunia kwa magunia kwenda Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha kule, na kiazi ukishakitoa hakuna mwakani. Mtu asidhani atachimba moja akapande nyumbani, hizi zinaishi na fangasi wa udongo ule ule, ukiihamisha imekufa. Njoo uiangalie pale pale, uje na koti la mvua.

Otieno_Minnesota
Salamu kutoka kwenye theluji. Mimi huku nina mbili kabisa tofauti. Nje nina sipripediamu ya rangi ya waridi na nyeupe, ua lina mfuko kama kiatu, ndilo ua la jimbo hili tangu 1902 na kulichuma mwituni ni marufuku tangu 1925. Niliinunua kitaluni ikiwa imeshakua, maana kutoka mbegu inaweza kufika miaka 16 ndio uone ua la kwanza. Baridi ikishuka hasi 20 yenyewe imelala chini ya theluji salama, tena bila baridi haiamki, kwa hiyo Dar msijaribu. Juni inachanua, nakaa nayo wiki mbili hizo jioni zote. Vaa glovu tu, vinywele vya majani vinawasha ngozi.

Ndani ni falenopsisi, dirisha la mashariki. Na hapa dada Shuwena usiikatie tamaa. Kinachoifanya ichanue upya ni ubaridi wa usiku, wiki tatu nne chini ya nyuzi 20 au karibu na hapo. Mimi naupata Oktoba dirishani. Ninyi mnaupata kipupwe, Julai usiku. Iweke barazani Juni mpaka Agosti badala ya kuificha sebuleni.

Salma_Maskati
Nyongeza fupi, msinunue falenopsisi ya buluu. Niliuziwa moja duka moja la maua hapa kwa bei mara mbili, ilipochanua tena ikatoa nyeupe. Wanachoma sindano ya rangi kwenye kijiti, ukikikagua utaona kitundu kimezibwa kwa nta.

Shuwena_Kigamboni
Narudi jamani, ni Agosti sasa. Nilichukua dendrobiamu ya joto kama alivyosema Fundi, ina shina jipya na kijiti chenye vichipukizi tisa, nimevihesabu. Lakini kuna jingine. Aprili jirani alikuwa anatupa falenopsisi yake imebaki majani matatu, nikaiomba, nikakata mizizi iliyooza, nikaiweka kwenye mkaa, Juni ikatoka barazani. Leo chini ya jani la pili kuna kitu cha kijani kimechomoza, urefu kama punje ya mchele. Huu ni mzizi au ndio kijiti cha maua? Naogopa kufurahi.

FundiMiche_Muheza
Angalia ncha. Mzizi una ncha ya mviringo inayong'aa, kijani au wekundu kidogo. Kijiti kina ncha bapa, kama glovu ya mtoto yenye kidole gumba upande mmoja.

Shuwena_Kigamboni
Ina kidole gumba!!

FundiMiche_Muheza
Basi kuanzia leo chungu usikigeuze, kijiti kinafuata mwanga, ukikizungusha kitapinda pinda. Na maji ya mvua yakiingia katikati ya majani yafyonze kwa tishu kabla hakujawa usiku.